Sentensi za Majaribio

Kwenye chuo cha ufundi anakofundisha, wanafunzi walimbatiza Madamu Kibodi. Darasa lake lina kompyuta kuukuu ambazo herufi za kibodi zimefutika, na yeye hukataa katakata kuzibandika upya. "Vidole vina akili zake," huwaambia. "Macho yaache yapumzike." Hilo alilitoa nyumbani. Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa, haoni tangu utotoni, na ndiye aliyemfundisha kuchapa kabla hata hajajua kuendesha baiskeli.

Kaka huyo alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa ya mji. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mapokezi, kidogo, chenye meza moja, feni inayolalamika na dirisha ambalo yeye hakuwa na haja nalo ila kwa upepo. Sauti yake ilikuwa ya kazi hiyo hasa: nzito kidogo, isiyo na haraka, sauti ya mtu anayekusikiliza wewe tu na si mwingine. Kulikuwa na watu mjini waliomjua kwa miaka bila kumwona. Walikuwa wakimpita njiani bila kugeuka, mpaka afungue mdomo kumsalimia mtu, hapo huruka: "Alaa! Kumbe ndiwe!"

Zamani alikuwa na namba zote kichwani. Kisha hospitali ikaleta mtambo mpya wa simu unaoendeshwa na kompyuta, na namba za wodi na za madaktari wa zamu zikawa zinahamahama kila siku. Haikumtisha. Kibodi alimwekea programu ya sauti, ile inayowasomea wasioona yaliyo kwenye kioo cha kompyuta, na kwa muda mambo yalikwenda kama maji. Mtu akipiga, Kaka anachapa jina la wodi, programu inamnong'oneza namba sikioni, naye anaunganisha.

Halafu programu ikapata toleo jipya, na toleo jipya likaja na ugonjwa. Namba yoyote yenye sifuri katikati iliisoma nusu na kunyamaza. Wodi ya wazazi ilikuwa imepewa 207. Programu ikasoma "mia mbili" na kufunga mdomo. Sasa namba 200 ni ya mochwari, ambayo haijawahi kuhamishwa kwa kuwa watu wake hawana zamu. Bwana mmoja aliyepiga kuuliza kama mkewe ameshajifungua akajikuta anaongea na mhudumu wa mochwari, mtu mkarimu, aliyemkaribisha vizuri na kumwomba jina la marehemu. Nusura azimie.

Malalamiko yakafika kwa katibu wa hospitali. Katibu si mtu mbaya, ni mtu wa mafaili tu, na faili likishafunguliwa sharti lifungwe. Alimwita Kaka ofisini, akamkalisha, akamwambia kwa upole kwamba tarehe mosi ikifika na mtambo bado unasoma nusunusu, watamtafutia kazi nyingine. Simu ataipokea mwenye macho.

Kibodi aliposikia, alivuta kiti akaketi mbele ya kompyuta yake hapohapo, na kitenge cha jikoni bado kiunoni.

Programu ile ni ya bure. Haina mwenyewe, na papo hapo ina wenyewe kila pembe ya dunia: watu wa kujitolea wasioonana, wanaoiandika kidogo kidogo, na maandishi yake yako wazi kwa kila mwenye kutaka kuyasoma. Ukiona kosa, unalitafuta mwenyewe. Kibodi alilipata. Lilikuwa kosa la kipuuzi kabisa. Mtu alikuwa akisafisha maandishi ya programu kama asafishaye nyumba, akatupa takataka pamoja na vijiko. Mistari michache ya kurekebisha, basi. Akajisemea kuwa wiki haitaisha.

Lakini katika mradi ule hakuna anayejiingilia jikoni na kutia mkono chunguni. Marekebisho yako unayaanika hadharani, wenzako wanayasoma, kisha mkuu wa mradi anayakubali au kuyakataa, na neno lake ndilo la mwisho. Yakikubaliwa, yanaingia katika toleo la mwisho wa mwezi. Na hospitali nayo haikutaka kitu kingine zaidi ya toleo rasmi la karibuni. Kibodi alikwenda mwenyewe kumwomba mtu wa kompyuta wa hospitali aweke marekebisho yake kabla, kwa muda tu.

"Dada yangu," alimjibu, "nakuamini wewe kama navyojiamini. Lakini mtambo ukigoma katikati ya dharura, nitamwambia katibu nini? Kwamba nimeweka kitu kilichopikwa sebuleni kwa mtu?"

Hapo alikuwa na haki yake. Kwa hiyo mambo yote yakabaki mikononi mwa mkuu wa mradi.

Kibodi hakuwahi kumwona mtu yule wala kumsikia. Alijua tu kwamba ameishika programu kwa miaka mingi, kwamba kila kona yake anaifahamu, na kwamba maneno yake yanapigiliwa. Moyoni alimpa jina la Msumari. Jibu la kwanza la Msumari lilikuja asubuhi wakati Kibodi anasahihisha mitihani.

"Hujasoma maelekezo. Kila rekebisho huja na sentensi za majaribio. Watu kama wewe ndio mnaotumalizia muda. Nimefunga."

Kweli, maelekezo yalisema hivyo. Ukirekebisha sauti ya lugha fulani, unaambatanisha sentensi za lugha hiyo zenye kile kilichokuwa kimeharibika, ili mashine izisome na kuhakikisha imepona. Kibodi alikuwa amelisahau hilo. Mtu wa kawaida angeandika, "Asante, umesahau sentensi." Maneno matatu, tena yanabakiza nafasi ya kuulizia habari za nyumbani. Lakini Msumari hakuwa na maneno ya kawaida.

Akaandika sentensi, akatuma tena. Jibu likaja:

"Aliyekufundisha kuandika programu unamjua? Mtafute, mwambie aombe radhi. Huu ni uchafu. Panga upya au kaa pembeni."

Chini ya maneno hayo, wenzake wa mradi walikuwa wamebandika vikatuni vya kucheka. Wengine dole gumba. Kibodi aliyasoma mbele ya darasa zima la wanafunzi wanaochapa, akahisi masikio yanawaka. Yeye ni mwalimu. Amekaa miaka akimwambia mtu aliyeharibu kila kitu, "Umejitahidi, sasa tuanze pale ulipokosea." Si kwamba ni malaika, alishaona tu kwamba mtu ukimtukana anabana vidole, na vidole vilivyobana havichapi.

Mama mmoja mtafsiri, anayejitolea katika mradi kutoka nchi ya mbali, alimwandikia faraghani. "Pole sana. Usimchukulie moyoni. Ndivyo alivyo."

Ndivyo alivyo! Neno hilo ndilo lililomkera kuliko matusi yenyewe. Ndivyo alivyo, kana kwamba wanazungumzia mvua. Mtu mzima mwenye akili timamu, anayejua kupanga sauti ya mashine mpaka ipumue kama binadamu, anashindwa kupanga sentensi moja isiyochoma, na dunia nzima inampisha njia kwa kuwa ndivyo alivyo. Naye mpole, mwenye shida ya kweli nyumbani, ndiye anayeambiwa asichukulie moyoni. Achukulie wapi, magotini?

Jioni Kaka alirudi kutoka kazini, akaning'iniza fimbo yake nyuma ya mlango, akauliza kama kawaida, "Imefikia wapi, mdogo wangu?"

"Iko njiani, Kaka. Kuna mambo ya kitaalamu tu."

"Ya kitaalamu." Aliketi. "Leo nimebahatisha siku nzima. Programu ikisema mia na kunyamaza, namwambia mpigaji, 'Samahani, hebu nisubiri kidogo,' natoka mpaka mapokezi nasomewa namba. Foleni ya simu nyuma inalia. Katibu amepita mara mbili."

"Mpaka tarehe mosi itakuwa tayari."

"Basi vizuri," alisema, na akaamini. Hilo ndilo lililomuuma Kibodi, kwamba aliamini.

Akapanga upya kama alivyoamriwa. Mistari ikawa safi hata mwenyewe akaipenda. Zikabaki sentensi za majaribio. Za kwanza Msumari alizikataa pamoja na mengine yote, kwa hiyo ilimbidi aandike nyingine zenye namba zenye sifuri katikati. Alikaa mbele ya kioo, hasira imemjaa mpaka kwenye kucha, na vidole, vile vyenye akili zake, vikaandika:

"Mkuu wa mradi huu ametukana watu 207 na bado hajashiba."

Akacheka peke yake. Akaendelea.

"Kichwa chake kina vyumba 108, na vyote havina mtu."

"Angegawiwa adabu kilo 305, angezirudisha dukani."

Akaibonyeza programu izisome. Ile sauti tulivu ikazisoma zote, neno kwa neno, namba nzima nzima, mia mbili na saba, mia moja na nane, mia tatu na tano, bila kumeza hata moja. Programu ilikuwa imepona. Na Kibodi, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, alijisikia mwepesi.

Alikusudia kuzibadilisha kabla ya kutuma. Tusimtetee lakini. Asubuhi ilipofika alizisoma tena, akafikiri kwamba kule hakuna hata mmoja anayeijua lugha yetu, akafikiri habari ya vikatuni vya kucheka, akazituma kama zilivyo.

Msumari alijibu siku ileile. "Sawa. Imeingia."

Basi. Hakuna asante, hakuna umefanya vizuri. Lakini imeingia! Kibodi alimpigia Kaka kazini, akakosea kwa furaha akamwanza yeye kwa "Habari za mchana, hospitali," salamu ya Kaka mwenyewe, wakacheka wote wawili. Toleo lilikuwa litoke mwisho wa juma lile, na tarehe mosi ilikuwa inafuata. Kaka alimwambia katibu. Katibu akasema vizuri sana, akaandika kwenye faili.

Lililofuata hakulianzisha mtu mbaya. Mkalimani mmoja anayeishi ughaibuni, mzungumzaji wa lugha yetu, alikuwa amejiunga na mradi karibuni. Alikuwa anapitapita katika maandishi ya programu, kama mtu anavyotembelea nyumba ya rafiki, akakutana na zile sentensi. Zilimfurahisha hadi machozi. Akaandika hadharani, na vikatuni vyake vya kucheka, "Jamani, kuna anayejua sentensi hizi zinasema nini?" Kisha akazitafsiri. Zote, tena kwa ustadi. Hata ile ya kilo za adabu ilibaki na utamu wake.

Saa ileile Msumari aliondoa kila kitu.

Hakufuta sentensi na kubakisha dawa, jambo ambalo lingemchukua muda wa kupiga chafya. Aliling'oa rekebisho zima, namba zikarudi kusomwa nusu. Kisha akabandika kiungo cha kanuni za adabu za mradi. Kumbe mradi una kanuni za adabu! Zimeandikwa vizuri, zina vichwa vya habari, zinasema tuheshimiane, tuwapokee wageni, tusidhalilishane. Miaka yote hiyo zilikuwa zimekaa kabatini kama sahani za wageni, na siku ya kwanza kutolewa ndiyo siku aliyotukanwa mkuu mwenyewe. "Hatuvumilii lugha ya namna hii hapa," aliandika. "Radhi iombwe hadharani, ndipo tuzungumze."

Na wale wa vikatuni walikuwepo, safari hii wakiwa na nyuso za huzuni. Mama mtafsiri aliandika kwamba amesikitika, kwamba hakutegemea. Kibodi alitaka kumwuliza kwa nini yeye hasemewi ndivyo alivyo.

Aliinuka, akazunguka meza, akaketi, akainuka tena. Aombe radhi kwa nani? Kwa mtu aliyesema mwalimu wake aombe radhi? Alijua amekosa. Hakuhitaji kuambiwa. Lakini kukosa ni jambo moja, na kupiga magoti mbele ya mtu ambaye hajawahi kukunja hata kidole ni jambo jingine, na lilimkwama kifuani siku nzima, na siku ya pili yake. Aliandika radhi akaifuta. Akaandika nyingine yenye "lakini" ndani yake, akaifuta. Kaka aliuliza imefikia wapi, akajibiwa ni mambo ya kitaalamu.

Mwishowe akaimeza. Aliandika radhi isiyo na "lakini", akaweka sentensi mpya kuhusu mbuzi 207 na vikombe 305, akaeleza kwa mara ya kwanza kwamba kuna mtu mmoja, kaka yake, ambaye mkate wake unategemea namba hizi. Akatuma.

"Imerudishwa," alijibu Msumari. "Toleo la mwezi huu lilifungwa jana. Itatoka mwezi ujao."

Kibodi alisoma neno "jana" mara nyingi. Ilikuwa siku ile aliyoandika ile radhi yenye "lakini". Akaomba, akabembeleza, toleo lifunguliwe kidogo tu. Msumari hakujibu, na kwa kweli hakuwa akimkomoa; toleo likifungwa limefungwa, hata yeye mwenyewe hujifungia nje. Mama mtafsiri ndiye aliyejibu, faraghani. "Umeona? Ameirudisha. Ukali wake ni wa mdomoni tu, moyo wake ni mzuri." Kibodi aliifunga kompyuta kwa kishindo hadi kifuniko kikalia.

Tarehe mosi Kaka alikabidhi spika zake za masikioni kwa dada mmoja kutoka mapokezi. Katibu alikuwepo, akamshukuru, akampeleka mwenyewe kwenye kazi mpya, katika chumba cha mashuka. Sasa anakunja. Mashuka yanakuja ya moto kutoka kufuliwa, yeye anayakunja pembe kwa pembe na kuyapanga kwa ukubwa, na wanasema hajatokea mkunjaji kama yeye. Huko haongei na mtu. Wapigaji bado wanamwuliza yule dada, "Yule kaka wa simu yuko wapi?" Dada anasema amehamishwa, na kuwaunganisha upesi, maana namba anaziona.

Toleo jipya lilipotoka, faili la simu lilikuwa limeshafungwa, Kibodi akaliweka kwenye kompyuta ya nyumbani. Lilisoma kila namba bila kasoro. Ilikuwa Jumapili mchana, wamekwisha kula, na Kaka alikuwa ameketi mbele yake akilijaribu, namba moja baada ya nyingine.

"Limepona kweli," alisema. "Sasa nionyeshe hayo mambo ya kitaalamu."

"Yapi?"

"Yaliyochelewesha. Mnaandikiana hadharani, si ndiyo? Nifungulie nisikilize."

Angeweza kumdanganya. Angeweza kusema yamefutwa. Lakini alikuwa amechoka, na huyu ni kaka yake. Akayafungua, akatoka kwenda kusimama mlangoni, roho mkononi.

Programu ikasoma mazungumzo yote kuanzia mwanzo. Hujasoma maelekezo. Huu ni uchafu. Aliyekufundisha unamjua. Ikasoma vyumba mia moja na nane, na adabu kilo mia tatu na tano. Ikasoma kanuni. Ikasoma radhi. Yote kwa sauti ileile moja, tulivu, ya mtu anayekutajia wodi. Kaka alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza wapigaji. Katikati alisimamisha, akarudisha nyuma, akauliza, "Hapa anasema yeye au unasema wewe?"

"Hapo yeye."

"Na hapa?"

"Hapo… hapo mimi."

"Siwezi kuwatofautisha."

Akaiacha iendelee hadi mwisho. Ilipomaliza, Kaka aliweka mikono juu ya magoti. Kibodi alianza kulia bila sauti, kisha akasema, "Kaka, nisamehe. Alinichokoza. Wewe hujui alivyonichokoza."

"Nimesikia."

"Nilikuwa nimechoka kutukanwa na mtu nisiyemjua."

"Mimi miaka yote ile pale kwenye simu nilitukanwa kila siku," Kaka alisema. Hakupandisha sauti, ilikuwa ileile ya kazini. "Kila siku, na watu nisiowajua. Wananiita mpumbavu, wananiita mbwa. Nawasubiri wamalize, nawaunganisha. Kwa sababu kila anayenitukana ana mgonjwa wake ndani." Akamgeuzia uso upande ule alikosikia pumzi yake. "Nyie wawili, mgonjwa wenu alikuwa nani?"